Usilijibu shairi kwa kidole gumba

Mwaka 2019 nilituma shairi langu la kwanza kwenye kundi la washairi la WhatsApp. Usiku ule nikapata majibu 11: vidole gumba 6, makofi 3, moyo 1, na mtu mmoja aliyeandika "Hongera malenga". Nililala na furaha tele. Kulipokucha nikayapitia tena, moja moja, nikitafuta aliyegusa hata neno moja la ndani ya shairi. Hakuwepo. Shairi lenyewe nilikuwa nimelitunga kwa wiki 3, usiku, watoto wakishalala, mara nyingi kwa mwanga wa simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Sasa ni miaka mingi natunga na kusomana na wenzangu. Wapo wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wapo wa Goma na Uvira, wapo wa Tanga, Zanzibar na Mombasa, na wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho. Nimejibiwa vizuri, nimejibiwa vibaya, na mimi mwenyewe nimewahi kumjibu mtu kwa namna ambayo ninaijutia mpaka leo. Nitafika huko. Kwanza niseme jambo ninaloliamini kuliko yote: shairi hujibiwa kwa shairi. Na kama huna shairi la kujibu, mtajie mwenzako mshororo, yaani mstari, mmoja uliokushika, umwambie umekushikia wapi.

Haya hayakuanza na simu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama, Muyaka bin Haji wa Mombasa alipeleka beti zake Lamu, na malenga wa Lamu wakamrudishia zao. Tangu 1923, gazeti la Mambo Leo la Tanganyika lilipoanza, mashairi ya wasomaji yakapata ukurasa. Mtu alitupa swali kwa beti, akasubiri toleo lijalo aone nani amelidaka. Wale watu walikuwa na kitu ambacho sisi tumekipoteza: muda wa kungoja. Jibu lilisafiri kwa jahazi au kwa posta, na aliyelitunga alikuwa amelala nalo siku nyingi kabla halijamtoka mkononi. Sisi shairi linaingia saa 2 usiku, na saa 2 na dakika 1 tumeshabonyeza kidole gumba tukapita.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usijibu siku hiyo hiyo. Nakili shairi la mwenzako kwenye daftari, kwa kalamu, kwa mkono wako. Ukilinakili utaona mambo ambayo kioo cha simu hakikuonyeshi: pale alipovuta pumzi, neno alilolirudia kwa makusudi, na kina, ile silabi ya kulinganisha mwisho wa mstari au katikati yake, kilichomsumbua mpaka akaazima neno la mbali. Mimi hunakili usiku na kujibu kesho yake jioni. Mara nyingi, nikishanakili, lile nililotaka kusema mwanzoni linakuwa halina maana tena.

Nikupe mfano. Nakaa Kadutu, juu kidogo ya soko. Anayeijua Bukavu anajua shida yetu: mji umejiinamia ziwani, mto Ruzizi unaanzia hapa hapa, na bado mitaa mingi bomba ni la kutazamwa tu. Siku moja nilirudi na bidoni, yaani dumu la maji, tupu, nikaandika hivi:

Ninakaa kilimani, ziwa chini naliona,
Na bidoni mkononi, maji bombani hakuna,
Nateremka bondeni, foleni tangu mchana,
Ziwa liko mlangoni, na kiu inatubana.

Makofi yalikuja, mioyo ikaja. Siku 2 baadaye akajibu mama mmoja wa Tanga, ambaye mpaka siku ile hatukuwa tumesemeshana:

Nami niko baharini, maji tele nayaona,
Chumvi imo mdomoni, kuyanywa kwangu laana,
Dadangu wa milimani, kiu yetu yafanana,
Ziwa liko mlangoni, na kiu inatubana.

Tazama alichofanya. Alichukua vina vyangu, -ni katikati na -na mwishoni. Akashika mizani zile zile, yaani silabi 8 kwa 8 katika kila mshororo. Hakuniambia "pole", neno ambalo lingekuwa la kweli lakini lingepita. Alinionyesha maji yake. Na kibwagizo changu, ule mshororo wa mwisho, akakiacha kama kilivyo, bila kubadili hata herufi, kwa hiyo kikawa chetu wawili. Ndipo nilipojua kuwa nilichoandika kimesomwa. Hata leo sijui sura yake, lakini nikiandika ubeti huwa najiuliza yeye atausikiaje.

Kuchukua vina vya mwenzako ni heshima kubwa, na pia ni shule. Huwezi kuvitumia bila kuingia mahali alipokuwa amesimama. Mtu anayesema hana muda wa kutunga shairi zima, namwambia atunge ubeti mmoja tu. Mishororo 4 inatosha kabisa.

Sasa upande wa pili. Kwetu huku ushairi wa shule niliosomeshwa mimi ulikuwa wa Kifaransa. Nilijua kuhesabu silabi 12 za aleksandrini, mstari wa ushairi wa Kifaransa, na kupumua baada ya ya 6 kabla sijajua kwamba Kiswahili changu mwenyewe kina mizani 16 na pumzi baada ya ya 8. Kuhesabu hakukunitisha. Kilichoniangusha ni mdomo. Sisi wa Kivu wengi wetu "r" na "l" zinabadilishana mahali tunapoongea. Nikatunga beti 5, vina vya mwisho nikavipanga: biashara, kulala, fukara, mbadala. Nikajisomea kwa sauti, vikalingana barabara. Nikatuma.

Jibu lililokuja mbele ya watu wote lilikuwa fupi: "Hili ni guni. Jifunze kwanza, ndipo uandike." Kwa asiyejua, guni ni shairi lililovunja kanuni. Kuhusu vina alikuwa sahihi, kwa sikio lake "ra" na "la" ni vina viwili tofauti. Lakini nililifuta shairi lile, na miezi 8 sikutuma kitu tena. Miezi 8 ni mingi kwa mtu anayetunga. Daftari langu la kipindi kile lina orodha za soko na hesabu za ada ya watoto, basi.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja wa Zanzibar aliyeniandikia faragha. Hakuanza na kosa. Aliniomba nimtumie lile shairi kwa sauti. Nilikuwa bado nalo kichwani, nikalisoma, nikamtumia. Akajibu: "Binti yangu, kwa mdomo wako vina vimekaa. Kwa mdomo wangu vimevunjika. Wewe unamwandikia nani?" Nimelibeba swali lile kila mahali. Nikaamua kwamba ninayoyatunga kwa ajili ya watu wote nitachunga vina kwa namna ambayo mtu wa pwani na mtu wa Kadutu wote watasikia sawasawa, na yale ya nyumbani nitayaacha yasikike kama nyumbani. Wala sioni haya kuandika "batoto" ndani ya shairi la Bukavu. Mizani ni zile zile 3 za "watoto".

Kwa hiyo kosa la kanuni lisemwe, lakini lisemwe faragha, tena baada ya kuomba sauti. Mbele ya watu taja kilicho kizuri, na ukitaje kwa jina lake: mshororo gani, neno gani. Wewe nawe unapotuma, weka maandishi na sauti pamoja. Mwenye mega chache atasoma, mwenye nazo atasikiliza. Sisi wa huku hatuna mahadhi ya kughani ya pwani, na hakuna haja ya kuyaiga. Soma kwa sauti unayomsemesha nayo dada yako jikoni. Mwenzako wa mbali ataelewa kwa nini "kwenda" yako ina mizani 3, maana wewe unasema "kuenda".

Kuhusu wizi wa mashairi, sitakaa sana hapo. Shairi likitoka kwenye kundi moja kwenda la pili, jina la mtungaji hubaki nyuma. Jambo hili limenipata mara 2, na ya pili shairi lilinirudia likiwa na jina la mtu mwingine. Wazee walikuwa na dawa: ubeti wa mwisho, wa kaditama, hubeba jina la mtungaji na mahali anapotoka, ndani ya mizani na vina. Anayetaka kulitoa itabidi atunge ubeti mzima upya. Fanya hivyo.

Lakini si kila wakati jina litajwe. Februari 2025, vita ilipoingia Bukavu, nilikaa ndani na watoto siku kadhaa. Simu ziliingia nyingi, kila mmoja akiuliza kama tuko salama, na kila mara nilijibu maneno yale yale mpaka yakaniisha. Yule mama wa Tanga hakuuliza. Kila jioni, mtandao ukipatikana, nilikuta kwake mishororo 3 yenye vina vyake, na mahali pa mshororo wa nne ameacha wazi. Nilitakiwa kuumalizia. Mambo yenyewe yalikuwa madogo sana: paka wake, mvua, bei ya mihogo. Kutafuta neno moja la kumalizia kina kulinishika saa nzima, na saa ile nzima sikusikiliza nje. Ukiwa na rafiki mtungaji aliye kwenye shida, mwachie mshororo. Usimlazimishe kueleza.

Katika siku kama zile usitaje mtaa wako, usitaje jirani, usiweke picha ya nyumba. Ndiyo maana Kiswahili kina fumbo. Anayekujua ataelewa paka ni nani na mvua ni ipi.

Nilisema nitafika kwenye jambo ninalolijutia.

Kijana mmoja wa Bagira, hapa hapa Bukavu, alituma shairi la beti 7 kuhusu mama yake, aliyekuwa ameuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, sokoni tangu yeye mdogo. Alikuwa amemzika siku 9 kabla, na alilisema hilo pale juu, kwenye mstari wa kwanza kabla ya shairi. Mimi niliruka mstari ule. Nilikuwa nimejifunza kuhesabu, nilikuwa na fahari ya kuhesabu, nikaenda moja kwa moja kwenye mizani. Nikaandika, mbele ya watu wote: "Ubeti wa nne, mshororo wa tatu, mizani 17. Kagua."

Kabla ya saa moja kuisha alikuwa ametoka kwenye kundi.

Nilipewa miezi 8 ya kimya na mtu aliyenijibu hivyo, na bado nikampa mwingine jibu lile lile. Sina cha kujitetea. Niliomba namba yake kwa msimamizi wa kundi, nikamwandikia kuomba msamaha. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza: nikalinakili shairi lake lote kwa mkono. Nilipofika ubeti wa tano nilimwona mama yule. Sufuria ya sambaza kichwani, kitenge kimefungwa mara mbili kiunoni, akipanda mlima asubuhi wakati wavuvi ndio kwanza wanarudi. Nikatunga ubeti mmoja kwa vina vyake, juu ya sufuria ile, nikamtumia faragha. Sikuomba anijibu.

Tangu hapo, shairi la msiba likija, sihesabu kitu. Shairi jingine lolote, namuuliza mwenyewe kwanza: unataka nilisome, au unataka nilikague? Ni swali la sekunde chache, na wengi hufurahi kuulizwa. Wapo wanaosema wazi, "Kagua, dada, tena usinihurumie." Wapo wanaotaka tu mtu alishike shairi mikononi kidogo kabla halijapotea chini ya salamu za asubuhi na matangazo ya biashara.

Kijana wa Bagira alikaa kimya miezi 2. Kisha siku moja jioni shairi lilirudi, safari hii kwangu peke yangu, likiwa na sauti yake. Alikuwa amegusa mahali pengi. Ubeti wa pili alikuwa ameuandika upya, na kibwagizo kilikuwa kimenyooka. Ubeti wa nne, mshororo wa tatu, haukuwa umeguswa hata herufi moja. Chini yake alikuwa ameandika: "Dada, hapa ndipo nimemtaja mama. Jina lake lina silabi 5. Nikilikata siyo yeye."

Nikauhesabu tena kwa vidole, 17. Nikausoma kwa sauti mara mbili, jina lote.