Tairi moja linazunguka, lingine limetulia

Mkuu, kama tairi moja la nyuma linazunguka kwenye tope na lenzake limetulia tu, difu (zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) haijafa. Ukikata kona tairi la nje linaenda njia ndefu kuliko la ndani, difu ndo inaruhusu kila moja lizunguke kwa spidi yake. Shida inagawa nguvu sawasawa, sasa lililo kwenye utelezi linazunguka kwa nguvu kidogo tu, basi na la pili linapata hiyohiyo kidogo na gari haisogei, ukizidisha mafuta unachimba shimo tu.

Vuta hendibreki kidogo huku unakanyaga mafuta taratibu (kama inashika matairi ya nyuma), lile linalozunguka likibanwa lenzake linaanza kusukuma. Gari ikiwa na loki ya difu (inafunga matairi yote mawili yazunguke pamoja) iweke ukiwa umesimama au unatambaa, ila ukifika lami itoe, tafadhali sana, kwenye kona tairi zinaburuzwa, usukani unakuwa mgumu na unaweza kuvunja ekseli. Halafu angalia oili ya difu, wengi wanabadilisha ya injini tu hiyo wanaisahau miaka.