Maswali kwa Fundi: PlayStation 2 Nene Ndani ya Kasha Dogo

SWALI

Shikamoo fundi. Nina PlayStation 2 ile nene, modeli SCPH-50004, niliyoachiwa na kaka yangu. Inawaka vizuri na pedi zote mbili zinafanya kazi, ila lenzi imechoka na diski nyingi inazikataa. Kila likizo ninasafiri kati ya Tanga na Moshi, na kuibeba kwenye basi ni shida kwa ukubwa wake na uzito wake. Nimeona picha za mafundi wa nje wakihamishia mashine za zamani kwenye makasha madogo. Je, kwa hii yangu inawezekana, na nianzie wapi?

Mwanafunzi wa chuo, Tanga

JIBU

Marahaba. Inawezekana, na ubovu wa lenzi unakurahisishia kazi, kwa kuwa kitu cha kwanza utakachokiondoa ni kisoma diski chenyewe.

Kasha la mashine yako lina urefu wa takriban sentimita 30, upana wa sentimita 18 na kimo cha karibu sentimita 8, na uzito wake unapita kilo 2. Ukilifungua utaona kwamba bodi kuu ni bapa jembamba, na kwamba nafasi kubwa imechukuliwa na vitu vitatu: kisoma diski, pawa saplai, na chumba cha nyuma ambacho Sony walikiacha kwa ajili ya diski kuu ya inchi 3.5. Kwa hiyo mtu anayetaka kupunguza umbo hana haja ya kugusa bodi kwa msumeno. Akiviondoa hivyo vitatu na kuipa bodi njia nyingine ya kupata michezo na umeme, ukubwa unashuka wenyewe.

Anza na michezo, kabla hujafungua skrubu hata moja. Tafuta memori kadi ya MB 8 iliyokwisha kuwekewa programu ya Free McBoot. Ukiichomeka kwenye nafasi ya kwanza, programu hiyo huanza yenyewe mashine inapowashwa. Kutoka hapo unafungua Open PS2 Loader, ambayo husoma michezo kutoka kwenye flashi, kwenye diski kuu, kupitia waya wa mtandao, au kutoka kadi ya SD iliyo ndani ya adapta iitwayo MX4SIO, ambayo huchomekwa kwenye nafasi ya pili ya memori kadi. Kwa safari zako ninapendekeza hiyo ya SD. Soketi za USB za PlayStation 2 ni za toleo la 1.1, lenye kasi isiyozidi megabiti 12 kwa sekunde, na katika michezo mingi utaona video za utangulizi zikikwama na sauti ikikatika. Nakala unazoziweka ziwe za diski unazozimiliki.

Hilo likishafanya kazi, fungua mashine, chomoa nyaya tepe za kisoma diski taratibu, kisha uiwashe tena bila kisoma diski na ucheze mchezo mmoja kwa muda wa kutosha. Ukipita hapo, una hakika kwamba bodi inaweza kuishi bila kisoma diski. Watu wengi hurukia kukata plastiki kabla ya jaribio hili, kisha hitilafu ikitokea hawajui kama imetokana na programu, waya au kasha.

Sasa umeme, na hapa ninakuomba usome pole pole. Pawa saplai ya mashine yako imo ndani ya kasha na hupokea umeme wa ukutani moja kwa moja. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja, kapasita kubwa ya upande wa kuingilia hubeba karibu volti 325, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Usiiguse kwa vidole, wala usijaribu kuitoa chaji kwa kuigusisha bisibisi, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi wa mitaani. Vilevile sikushauri uihamishe bodi hiyo kwenye kasha ulilojitengenezea, hata kama itaingia, maana kasha la kiwandani lilipimwa umbali kati ya umeme mkubwa na mdogo, na kasha lako halikupimwa. Iache nje kabisa, utumie adapta ya nje.

Ili uchague adapta, mpelekee fundi wa redio au televisheni mwenye uzoefu, aipime pawa saplai hiyo ikiwa inafanya kazi na akuandikie volti zinazotoka, waya kwa waya. Usichukue namba ya modeli nyingine uliyoisoma mahali, kwa sababu Sony walibadilisha pawa saplai kati ya matoleo. Ampea utazipata kwa hesabu rahisi: soma wati kwenye lebo iliyo chini ya mashine, gawanya kwa volti, kisha uongeze kidogo ili adapta isifanye kazi ukingoni mwa uwezo wake. Ili uone ukubwa wa jambo lenyewe, adapta ya PlayStation 2 nyembamba ya SCPH-70000 ni ya volti 8.5 na ampea 5.65, yaani karibu wati 48. Waya mwembamba wa chaja ya simu hauwezi mzigo wa namna hiyo. Utapata moto na volti zitaanguka kabla hazijafika kwenye bodi. Weka fyuzi kwenye waya chanya, na hakikisha kwa multimita ni upande upi chanya na upi hasi kabla ya kuchomeka mara ya kwanza, kwa kuwa ukigeuza, bodi inaweza kufa papo hapo.

Jambo la tatu ni joto, na hili ndilo litakaloamua ukubwa wa kasha lako. Mabati yanayoifunika bodi yana kazi zaidi ya kuikinga. Hubana kipozajoto juu ya chipu kubwa, huunganisha ardhi ya umeme kupitia skrubu zinazozunguka ukingo wa bodi, na huzuia mawimbi yanayoharibu picha na sauti. Ukiyatupa yote ili upate milimita chache, utakuwa umeondoa na njia ya joto. Yapunguze kwa mkasi wa bati pale yanapozidi ukingo, lakini sehemu inayobana kipozajoto uiache kama ilivyo, na usafishe pasta ya zamani ya kupitisha joto na uweke mpya mahali panapohitaji pasta. Feni ya asili huvuta hewa kutoka mbele na kuitolea nyuma. Kasha jipya nalo liwe na matundu upande mmoja na feni upande wa pili, ili hewa ipite juu ya kipozajoto na isizunguke mahali pamoja. Ukitumia feni nyembamba zaidi, hakikisha volti yake inalingana na ile unayoitoa. Kwa mtu anayeishi Tanga, weka wavu mwembamba kwenye matundu ya kuingilia. Hewa ya bahari ina chumvi, na vumbi likishika chumvi na unyevu, skrubu na soketi huanza kutu mapema.

Kuhusu kasha lenyewe, usilitengeneze kwanza kisha ukalazimisha vitu viingie. Panga bodi, feni, soketi na kipande cha mbele chenye nafasi za pedi na memori kadi juu ya karatasi, chora mistari, na uache nafasi ya nyaya kupinda bila kuvunjika. Kipande hicho cha mbele kimeunganishwa na bodi kwa utepe bapa, na utepe huo ndio unaokupa uhuru wa kukisogeza. Nenda nao hadi mwisho wa urefu wake, usiukate ili kuurefusha. Usiisahau betri ndogo ya CR2032, kwa maana ukiiacha nje, mashine itakuuliza saa na lugha kila inapokosa umeme. Ukichapisha kasha kwa printa ya 3D, usitumie PLA, kwa sababu plastiki hiyo hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na mkoba ulioachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani unaweza kukaribia hapo. Plastiki ya PETG huvumilia zaidi. Akriliki iliyokatwa na watengeneza mabango pia inafaa, nayo ina faida kwamba utaona vumbi linapoanza kukusanyika.

Nimalizie kwa kukupa maoni yangu waziwazi. Kama unachotaka ni wepesi tu, basi tafuta PlayStation 2 nyembamba iliyokufa lenzi, ya kati ya SCPH-70000 na 79000. Sony waliitoa mwaka 2004 ikiwa na urefu wa sentimita 23, upana wa 15 na kimo kisichofika sentimita 3, uzito wake ni kama gramu 900, na pawa saplai yake tayari ipo nje. Memori kadi na adapta ya SD utakazokuwa umenunua zitafanya kazi humo vilevile. Lakini hii ni mashine ya kaka yako, na ninaelewa mtu anayetaka kuendelea na bodi ileile. Katika hali hiyo, fanya kazi kwa mpangilio niliokupa, na lile kasha la zamani ulihifadhi na skrubu zake zote.

SWALI

Mimi ninayo SCPH-30000 iliyokuja kwenye mzigo wa Japani, na ninaitumia kwa transfoma ya kushusha umeme, ambayo ni nzito kuliko mashine. Rafiki yangu anasema nikiihamishia kwenye kasha dogo lenye adapta ya nje sitahitaji transfoma tena. Anasema kweli?

Msomaji wa Mombasa

JIBU

Anasema kweli. Tarakimu ya mwisho ya modeli hueleza mashine ilitengenezwa kwa ajili ya soko lipi: 0 ni Japani, 1 ni Marekani ya Kaskazini, 3 ni Uingereza, 4 ni nchi nyingine za Ulaya. Mashine ya Japani ilitengenezewa umeme wa volti 100, lakini sharti hilo linaishia kwenye pawa saplai. Bodi kuu yenyewe hupokea volti ndogo za mkondo mmoja na haijui umeme wa ukutani ni wa nchi gani. Ukiiondoa pawa saplai na kuweka adapta iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, transfoma inabaki bila kazi. Kupima volti na nyaya kufanyike kama nilivyomweleza mwenzako wa Tanga, na wakati wa kupima bado utahitaji hiyo transfoma, kwa hiyo usiiuze mapema.

Kitakachobaki vilevile ni mfumo wa picha. Mashine yako hutoa NTSC, mfumo wa Japani, na televisheni ya zamani iliyozoea mfumo mwingine uitwao PAL inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi. Televisheni nyingi za bapa za sasa hupokea zote mbili.

SWALI

Nimesikia kwamba kuna mafundi wanaoikata bodi yenyewe ya mashine ya michezo ya Nintendo Wii kwa msumeno na bado inafanya kazi. Inakuwaje bodi ikatwe na isife? Ninataka kujaribu kwenye Wii moja mbovu ya diski.

Fundi wa simu, Nairobi

JIBU

Ni kweli, na wewe uliyezoea kulehemu chini ya hadubini una mahali pa kuanzia. Fani hii ya kuzifanya mashine za mezani ziwe za mkononi ilipata umaarufu kupitia Mmarekani Benjamin Heckendorn, aliyetengeneza Atari 2600 ya kubebeka mwaka 2000. Wii, iliyotoka mwaka 2006, imependwa na mafundi wa fani hiyo kwa sababu vitu vya lazima vimekaa karibu karibu katikati ya bodi: prosesa, chipu ya michoro, RAM, na chipu ya MB 512 inayohifadhi programu ya mashine. Sehemu kubwa ya pembeni ni soketi, njia za kisoma diski na saketi za kugawa umeme, na hiyo ndiyo inayokatwa.

Saketi za kugawa umeme zikishakatwa, ni juu yako kuipa bodi volti zake zote kutoka nje: volti 1, volti 1.15, volti 1.8 na volti 3.3, kila moja kwa waya mnene na mfupi. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu volti 1 ikipungua kidogo tu kwenye waya mwembamba, mashine haianzi. Kabla ya kukata, programu ya kuanzishia michezo kutoka USB iwe imekwisha kuwekwa na kujaribiwa, na nakala ya kumbukumbu ile ya MB 512 iwe imehifadhiwa kwenye kompyuta.

Hatari ya kukata haimo kwenye mistari unayoiona juu. Bodi ina tabaka kadhaa za shaba ndani, na msumeno huziburuta hadi zikagusana ukingoni. Baada ya kukata, usugue ukingo wote kwa msasa laini, ukiongeza ulaini hatua kwa hatua, kisha uutazame kwa hadubini mpaka uone mistari ya shaba imetengana. Upimaji nao una mtego: laini ya volti 1 husoma omu chache sana hadi ardhi hata bodi ikiwa nzima, hivyo multimita ikilia hapo haimaanishi kuna shoti. Pima laini zote nne kabla ya kukata, uandike namba, kisha upime tena baada ya kusugua. Namba ikiwa imeshuka kwa dhahiri kwenye laini yoyote, usiwashe. Rudi kwenye ukingo uusugue tena.