Moto (pikipiki) ya silinda mbili kutetemeka kwenye ralanti (injini ikizunguka polepole bila kuongezwa gesi)

Kaka, kama moto yako inatetemeka kwenye ralanti tu na ukiongeza gesi inatulia, usiguse kwanza skrubu za kabureta. Tafuta silinda iliyolala, yaani isiyochoma petroli vizuri. Washa injini ikiwa baridi kabisa, iache kama dakika moja, kisha dondoshea maji kidogo kila bomba la moshi, karibu na injini. Upande ambao maji yanachelewa kukauka ndio mgonjwa.

Hapo badilishana bujia (plagi za cheche), ya kushoto iende kulia. Ugonjwa ukihama nayo, nunua mpya. Ukibaki palepale na cheche ni nzuri, mimi ningefungua kabureta ya upande huo: tundu la ralanti ni jembamba mno, na petroli ya kadhafi (muuzaji wa petroli) wa kando ya barabara ikiwa na maji au uchafu, hilo ndilo linaloziba mwanzo. Lipulizie hewa ya kompresa. Tafadhali, fundi asilichokonoe kwa waya! Likipanuka, silinda hiyo itakunywa petroli kupita kiasi, na hapa Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa tayari ni nyepesi, kwa hiyo petroli huzidi kirahisi.

Angalia pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka unavuta hewa. Kisha pima nafasi ya valvu. Kulinganisha kabureta mbili kwa geji (kipimo cha mvuto wa hewa) kunakuja mwisho kabisa, maana huwezi kuzilinganisha silinda moja ikiwa bado inaumwa.

Ni moto ya aina gani? Zenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya digrii 270 mlio wake hauko sawasawa tangu kiwandani.