Re: Mzee ameambiwa auwazie mkono uliopooza, hii ni tiba kweli?

Mkuu, umeuliza kama yule mtu wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) anawapotezea muda anapomwambia mzee afumbe macho aufanyie mkono mazoezi kichwani. Hawapotezei. Mimi kiharusi kiliniangusha upande wa kulia, na ni fundi cherehani, kwa hiyo jambo hili nimelifanya kwa shida zangu zote.

Wengi hawalielewi zoezi lenyewe. Si kujitazama kama unavyomtazama mtu kwenye TV, ni kuuhisi mkono kutokea ndani. Dada wa fizio alinianzishia na kikombe cha bati. Kwanza nakishika kwa mkono wa kushoto, ule usiougua: ubaridi wake, kidole gumba kinavyokaa kwenye mkono wa kikombe, uzito unavyopanda hadi kiwikoni. Kisha nafumba macho, mkono wa kulia ufanye vilevile kichwani. Nikifika mdomoni nasema "tayari". Nikisema upesi mno anajua nimeruka hatua, maana muda wa kuwaza unatakiwa ulingane na muda wa kutenda. Kuliko yote, kukiachia kikombe kulinishinda. Hata kwenye mawazo vidole viligoma kufunguka!

Sababu ni kwamba sehemu za ubongo zinazopanga mwendo hufanya kazi hata unapouwaza tu.

Lakini kuwaza peke yake, sahau. Mwaka 2007 Stephen Page na wenzake kule Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 32 wa kiharusi cha siku nyingi. Wote walifanyishwa mazoezi ya mkono. Baadhi wakaongezewa kanda ya kuwaongoza kuwaza mienendo ileile, wengine kanda ya kutuliza mwili tu. Waliowaza mikono yao iliendelea vizuri zaidi. Mwaka 2011 Ietswaart na wenzake wa Uingereza wakaja na utafiti wa wagonjwa 121; baadhi yao walifundishwa kuwaza bila kuunganisha na mazoezi ya mkono wenyewe, na haikuonekana faida kuliko kwa wale wengine. Kwa hiyo mzee afanye mazoezi kwanza, halafu aliwaze lilelile alilotoka kulifanya.

Na achague kitu anachokijua mwilini. Umesema alikuwa dereva wa lori: mpeni gia na usukani, achaneni na mpira wa kuminya. Mahali pawe kimya, na wajukuu watoke nje. Akichoka aache, kwa sababu kuwaza kunachosha kuliko mnavyodhani.

Mimi sasa nakata kitambaa kwa mkasi. Kutunga uzi kwenye sindano bado ni kazi ya mke wangu.

Kama mzee hashiki maelekezo, au hata hana habari na upande wake uliolegea, mwambieni fizio mapema, kwani zoezi hili huenda lisimfae kwa sasa. Muulizieni pia habari za kioo: mkono mbovu unafichwa nyuma yake, mzima unasogezwa mbele, mgonjwa anatazama taswira kana kwamba ni ule mbovu unaosogea. Na yeyote atakayekuja kumvuta bega "ili linyooke", mzuieni mlangoni.