Je, mazoezi yatanifanya nisome maandishi yaliyogeuzwa kwa wepesi?

SWALI: Najifunza kuchonga mihuri. Herufi huchongwa zikiwa zimegeuka, kama zinavyoonekana kwenye kioo, na kuhakiki mstari mmoja tu kunanichosha. Je, mazoezi yatanisaidia, au hiki ni kipaji cha kuzaliwa nacho?

JIBU: Yatakusaidia, na mabadiliko utayaona mapema. Sasa hivi unageuza herufi mojamoja kichwani, ndiyo maana unachoka. Wasumbufu wakubwa ni b na d: andika "baba" kwa kugeuza, kisha lisome kutoka kulia huku ukisahau kugeuza herufi zenyewe. Utasoma "dada"! Ukizoea, jicho huacha kugeuza. Huanza kulitambua umbo lililogeuka kama lilivyo, baadaye silabi, hatimaye neno zima.

Hapa wengi hujidanganya. Ukirudia maneno yaleyale kila siku, kasi itapanda sana, lakini sehemu kubwa ya kasi hiyo ni ya maneno hayo tu. Ustadi wenyewe hupimwa kwa maneno ambayo hujawahi kuyaona yamegeuzwa. Basi badilisha matini kila siku, na usome kidogo kidogo kwa siku nyingi badala ya kujikamua siku moja.

Ukishaupata, ustadi huu haupotei upesi. Mwaka 1980, Neal Cohen na Larry Squire walichapisha utafiti kuhusu watu waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Walizoezwa kusoma maneno yaliyogeuzwa kwa siku tatu, wakapimwa tena miezi mitatu hivi baadaye. Waliendelea vizuri sawa na watu wenye kumbukumbu timamu, na ustadi ukabaki, ingawa maneno waliyoyasoma hawakuyakumbuka vizuri. Nimeufundisha utafiti huu mara nyingi na bado unanigusa: kujua kufanya jambo na kukumbuka kwamba ulilifanya ni vitu viwili ubongoni.

Mwanzoni utapiga hatua kubwa, kisha nafuu itakuja polepole zaidi. Usidhani umekwama, hivyo ndivyo ujuzi wa aina hii unavyokua.

Kioo kiweke karibu, ila kitumie mwishoni. Soma mstari wote kwa macho yako kwanza, andika ulichosoma, ndipo uhakiki kwa kioo. Ukianza na kioo, utakuwa unasoma maandishi ya kawaida tu, na jicho halitajifunza kitu.