Sindano iliyojificha ndani ya pamba

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini, karibuni. Nina jambo moja la kuwaambia kabla mazoea hayajawazidi: ukichomwa na sindano, sema saa hiyohiyo.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Usiku mmoja nilikuwa nakusanya vifaa baada ya mwenzangu kumwekea mgonjwa dripu. Kwenye trei kulikuwa na bonge la pamba lenye damu. Nililikamata lote nikalitupe, kumbe sindano ilikuwa imo ndani. Ikapenya glavu hadi kwenye kidole gumba. Tone la damu lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Nikanawa, nikavaa glavu nyingine, nikaendelea na zamu. Sikumwambia mtu, kwa kuogopa kuonekana mzembe. Asubuhi muuguzi mmoja wa siku nyingi aliniona nakitazama kile kidole, akaniuliza kuna nini. Hakunigombeza. Alinishika mkono tukaenda moja kwa moja kwa daktari.

Saa zile nilizokaa kimya zilikuwa na thamani kubwa. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kisha unazimeza kwa siku 28. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye virusi ni kama 0.3%. Wengi huogopa VVU tu. Homa ya ini B ndiyo inayonitisha mimi, maana kwa asiyechanjwa uwezekano unaweza kufika 30%. Na hiyo ina chanjo! Maliza dozi zote tatu, kisha mwezi mmoja au miwili baada ya ya mwisho upime kama kinga imejengeka, kwa sababu wapo ambao haijengeki. Homa ya ini C haina chanjo kabisa.

Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni. Usikikamue kidole. Usirudishie sindano kifuniko hata kama umeona wakubwa wakifanya hivyo, na aliyeitumia ndiye aitupe, palepale, kwenye kisanduku chake. Kikifika robo tatu kifungwe. Kikijazwa hadi mdomoni, anayeumia mara nyingi ni mhudumu wa usafi, ambaye hata hakuwepo sindano ilipotumika.

Ziko hatari nyingine zisizotoa damu, nazo huchelewa kuonekana. Mgongo, kwa mfano: ukimwinua mgonjwa mzito peke yako leo hutasikia kitu, lakini nawajua wenzangu walioacha kazi wanayoipenda kwa sababu ya kiuno. Ita mtu wa pili. Kwa mgonjwa anayekohoa na kushukiwa kifua kikuu, barakoa ya kawaida haikukingi wewe. Vaa ile ya N95, inayochuja vijidudu vya hewani, ikae vizuri usoni, na madirisha yawe wazi. Na ndugu wa mgonjwa akikupiga, hiyo ni ajali ya kazini kama nyingine. Iandikwe.

Siku yako ya kwanza, kabla hujaonyeshwa pa kuweka mkoba, muulize msimamizi wa wodi maswali mawili: daftari la ajali liko wapi, na saa nane za usiku ufunguo wa kabati la dawa za kinga anao nani. Asipokuwa na jibu, mwombe alitafute kabla zamu yako ya usiku haijafika.