Maswali yenu: basi la Montgomery, karani wa Selma na wakili wa Lancaster House

Niliposimulia hapa kisa cha daraja la Selma, Alabama, Marekani, ambako polisi waliwapiga watu weusi walioandamana kudai kura, maswali yalikuja mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechukua matano. Walioniuliza nani hasa alimuua Kennedy wanisamehe, hiyo sijifanyi ninaijua.

Shuleni tulifundishwa kuwa Rosa Parks alikuwa fundi cherehani aliyechoka na kazi, ndiyo maana akagoma kumpisha Mzungu kiti. Ndivyo ilivyokuwa? (Msomaji, Morogoro)

Ufundi ni kweli, alikuwa akirekebisha nguo katika duka moja kubwa la Montgomery, Alabama. Uchovu ndio uliotiwa chumvi. Mwenyewe alikuja kuandika kwamba kilichomchosha ni kukubali kukubali tu. Siku alipokamatwa, 1 Desemba 1955, alikuwa na miaka 42, na alikwishatumikia miaka mingi kama katibu wa tawi la NAACP, chama kilichotetea haki za watu weusi. Kumwita mama aliyechoka miguu ni kumpunja.

Wala hakuwa wa kwanza. Miezi tisa kabla yake, binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa mjini humohumo kwa kosa hilohilo. Viongozi waliona ni mdogo mno kubebeshwa kesi ya mji mzima. Lakini kesi iliyokuja kuufuta ubaguzi katika mabasi ya Montgomery haikuwa ya Parks. Ilifunguliwa na wanawake wengine, na Colvin alikuwa mmoja wao.

Ninachopenda mimi katika kisa hiki ni shughuli za nyuma ya pazia. Usiku ule Parks alipokamatwa, mwalimu wa chuo aitwaye Jo Ann Robinson alikesha akidurufu makumi ya maelfu ya vijikaratasi vya kuwataka watu wasusie mabasi. Karibu robo tatu ya abiria walikuwa weusi, kwa hiyo kampuni ililisikia pigo mapema. Yakapangwa magari ya kubeba watu, yapatayo 300, yenye vituo na ratiba. Bima za magari ya makanisa zilipofutwa, ikabidi itafutwe bima mpya hadi London. Wasiopata gari walitembea. Siku 381.

Katiba ya Marekani iliwapa weusi kura tangu 1870. Sasa sheria ya kura ya 1965 ilikuwa ya nini? (Msomaji, Kisumu)

Ilikuwa ya kumnyang'anya karani wa uandikishaji madaraka yake. Katiba ilisema mtu asinyimwe kura kwa rangi yake, basi majimbo ya Kusini yakatafuta njia zisizotaja rangi: kodi ya kulipwa kabla ya kupiga kura, na mtihani wa kusoma na kueleza kifungu cha katiba. Aliyesahihisha ni karani Mzungu, na hakuwa na wa kumuuliza. Mississippi ilifika hatua ya kuagiza majina ya waombaji yachapishwe gazetini. Bosi wako akilisoma jina lako asubuhi, jioni huna kazi.

Katika wilaya ya Selma, weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, ilhali walioandikishwa hawakuzidi sana wawili katika kila watu wazima weusi 100. Baada ya waandamanaji kupigwa darajani tarehe 7 Machi 1965, mbele ya kamera za televisheni, Rais Johnson alipeleka muswada bungeni, akautia saini 6 Agosti. Mitihani ikasimamishwa, na maofisa wa serikali kuu wakapewa uwezo wa kwenda kuandikisha watu wenyewe. Weusi walioandikishwa Mississippi wakapanda kutoka takriban asilimia 7 hadi karibu 60 kufikia 1967. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikata sheria hiyo meno: majimbo yale hayalazimiki tena kuomba idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi, kama sheria ilivyoyataka.

Rais Lincoln, aliyetangaza uhuru wa watumwa, alikuwa wa chama cha Republican. Iweje leo weusi wengi wawe wa chama cha Democratic? (Msomaji, Mombasa)

Walianza kuhama miaka ya 1930, wakifuata ajira na misaada ya Rais Roosevelt wa Democratic. Mwaka 1964 uliwamalizia. Sheria ya haki za kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, isingepita Seneti bila Republican: 27 kati ya 33 waliiunga mkono, huku waliokesha wakihutubia ili kuiua wakiwa hasa Democratic wa Kusini. Lakini mwaka huohuo Republican walimsimamisha kugombea urais Seneta Goldwater, mmoja wa wale sita walioikataa. Aliambulia jimbo lake la Arizona na matano ya Kusini kabisa. Mtu na jirani yake walibadilishana nyumba, majina mlangoni yakabaki.

Martin Luther King ndiye aliyeandaa maandamano ya Washington ya 1963? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana, alihutubia. Wazo lilikuwa la A. Philip Randolph, kiongozi wa wafanyakazi, na mpangaji alikuwa Bayard Rustin. Yalikuwa maandamano ya ajira na uhuru, na madai yalitaja kima cha chini cha dola 2 kwa saa. Ajira ndiyo iliyosahaulika.

Eti Mmarekani mweusi aliandika haki zetu Wakenya? (Msomaji, Nakuru)

Aliandika rasimu, ambayo haikuingia katika katiba neno kwa neno. Ni Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya shule za ubaguzi mwaka 1954, na mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Tom Mboya alimwalika London, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House mwanzoni mwa 1960. Huko, mtetezi wa weusi walio wachache kwao alijikuta akiandika vifungu vya kulinda mali za Wazungu walio wachache kwenu. Na mkutano ukiendelea, tarehe 1 Februari, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya mgahawa wa dukani huko Greensboro, North Carolina, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, wakabaki wameketi hadi duka likafungwa.